Deni la Anayejua

Injini haifi ghafla. Hata pale mwenye gari anapoapa kwamba imemzimikia katikati ya barabara kuu bila dalili yoyote, ndani ya chuma dalili zilikwisha kuanza siku nyingi. Chukua injini ya petroli ya silinda nne iitwayo Theta II, ya lita 2.0 na lita 2.4, ambayo kampuni za Hyundai na Kia za Korea Kusini ziliifunga katika magari mengi ya familia kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, yakiwemo Santa Fe Sport, Sorento na Sportage, magari ya juu yanayopendwa na wazazi wenye watoto na mizigo. Ndani ya krankishafti mna vijitundu vilivyotobolewa ili oili ipite na kuzifikia beringi za konrodi. Chuma kikitobolewa huacha chenga, na chenga zisipoondolewa zote kiwandani huja kuziba njia ya oili. Beringi iliyonyimwa oili hupata moto, hulika, hulegea, na konrodi huanza kugonga. Mafundi wetu husema injini imenoki. Mlio wake ni mkavu, na huongezeka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Asiyejua maana yake huongeza sauti ya redio akaendelea na safari, mpaka konrodi ikatike na kutoboa bloku. Oili ikimwagikia bomba la moshi lenye joto kali, gari huweza kuwaka moto.

Hayo ni ya fundi. Yanayobaki si ya fundi, na spana haiyafikii. Kati ya siku chenga ya kwanza inaponasa kwenye kijitundu na siku familia inapokwama barabarani huku malori yakipita ubavuni, kuna watu wanaokuja kujua: mkaguzi wa kiwanda, mhandisi wa ubora, karani anayepitisha madai ya waranti, wakala anayeona injini za aina moja zikirudi kwa tatizo moja, mmiliki wa kwanza anayeamua kuliuza gari kabla halijamfia mkononi. Kila mmoja ana kipande cha habari, na kila mmoja ana sababu ya kunyamaza. Je, ujuzi huo ni mali ya nani? Hoja yangu ni kwamba si mali ya aliye nao. Ni deni, na mdai wake ni yule atakayekaa kwenye kiti cha gari hilo. Tena deni hilo halimshiki mtu kwa kuwa ni muuzaji. Linamshika kwa kuwa anajua. Sheria nyingi za biashara zinawatazama muuzaji na mnunuzi tu, basi. Dini, pamoja na baadhi ya wanafalsafa wa kale, zilitazama mbali zaidi, na naamini ndizo zilizopatia.

Mfuatano wa mambo katika kesi hii uko wazi kwenye kumbukumbu za umma. Mwezi Septemba 2015 Hyundai iliyaita magari yapatayo 470,000 aina ya Sonata nchini Marekani yarudi kwa mawakala yakaguliwe, ikieleza kwamba chenga za chuma zilibaki kwenye krankishafti katika kiwanda chake cha Alabama. Magari ya juu yenye injini za ukoo huo huo hayakuguswa. Mwaka uliofuata Kim Gwang-ho, mhandisi aliyekuwa ameitumikia Hyundai kwa zaidi ya miaka 25, alisafiri kutoka Korea hadi Washington akiwa na nyaraka za ndani za kampuni, akazikabidhi kwa NHTSA, mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa magari. Alidai kwamba waajiri wake walijua tatizo ni kubwa kuliko walivyotangaza. Novemba 2016 alifukuzwa kazi kwa madai ya kutoa siri za kampuni. Mwaka 2017 Hyundai na Kia ziliita magari mengine yapatayo milioni 1.2, na safari hii Santa Fe Sport, Sorento na Sportage zilikuwemo. Novemba 2020 kampuni hizo mbili zilifikia makubaliano na NHTSA yenye thamani ya dola milioni 210, milioni 140 kwa Hyundai na milioni 70 kwa Kia, kuhusu kuchelewa kuita magari zaidi ya milioni 1.6 na kutoa taarifa zisizo sahihi. Hayo ni makubaliano, si hukumu ya mahakama, na ni haki kulisema hilo. Novemba 2021 mamlaka hiyo ilimpa Kim zawadi ya zaidi ya dola milioni 24.

Tuanze kwa kuondoa shutuma isiyo ya haki. Kutengeneza injini yenye kasoro si dhambi. Anayetoboa chuma mamilioni ya mara lazima siku moja ataacha chenga, na asiyekubali hilo hajawahi kutengeneza kitu. Katika mapokeo ya Kiislamu kuna tukio mashuhuri, lililopokewa na Imamu Muslim: Mtume (S.A.W.) alilipitia fungu la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua iliyonyesha. Mtume hakumbishia kuhusu mvua. Alimuuliza kwa nini kile kilicholowa hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akamtoa mdanganyifu katika hesabu ya watu wake. Wanaolisimulia tukio hili hukimbilia ile hukumu ya mwisho wakaiacha mvua, ilhali mvua ndiyo inayotufaa hapa. Kasoro ilitoka mbinguni, mfanyabiashara hakuwa na mkono wake ndani yake. Hatia ilianzia pale alipojua upande uliolowa ni upi, akauacha uwe chini. Kwa kipimo hicho, chenga zilizobaki kiwandani zinaweza kuitwa uzembe, na uzembe una mizani yake. Lakini suala zito ni la muda: tangu lini ilijulikana kwamba fungu limelowa chini, na nani aliona afadhali likae hivyo.

Hapo utetezi wa kwanza hujitokeza. Hatukujua, kampuni husema katika mambo ya namna hii. Tulichokuwa nacho ni malalamiko tu. Utetezi huu usidharauliwe, kwa sababu malalamiko ya wenye magari ni ushahidi uliochanganyika na takataka nyingi. Yupo aliyepitisha kilomita 20,000 bila kumwaga oili. Yupo aliyetia oili ya bei poa isiyojulikana inakotoka. Yupo anayetaka injini mpya ya bure, na yupo anayesikia vali zikilia akadhani ni beringi. Kampuni ikimwamini kila mmoja itafunga biashara. Lakini wanazuoni wa Kiislamu, watu walioumiza vichwa kwa karne nyingi juu ya swali la lini habari iaminiwe, walitenganisha habari ya mtu mmoja mmoja na habari ya wengi ambao kwa kawaida haiwezekani kuwa wamepanga uongo pamoja. Hii ya pili, mutawatir, huleta yakini bila haja ya kuchunguza uadilifu wa kila msimulizi. Watu wa majimbo mbalimbali wasiojuana, wakieleza mlio ule ule, katika injini ile ile, ukifuatwa na kuzimika kule kule, uzembe wa mmoja wao haubatilishi habari ya wote.

Wanazuoni hao waliweka sharti jingine ambalo naliona la thamani zaidi. Habari ya wengi huleta yakini katika jambo lililoonwa, kusikiwa au kuguswa, si katika jambo lililokisiwa. Kwa hiyo wenye magari elfu moja wakisema injini inagonga kisha inazima, jua inagonga kisha inazima. Wakisema sababu ni krankishafti, hiyo ni dhana yao, na wingi wao hauiongezei nguvu. Sharti hili linaugawa ujuzi vile vile ulivyogawanyika katika hali halisi. Mlio uko kwa wamiliki. Sababu iko kwa yule aliyeifungua injini, mwenye michoro, mwenye hesabu za waranti, mwenye vipande vya beringi mezani kwake. Mwenye mlio hawezi kufanya lolote la maana nao peke yake. Ataambiwa hakubadilisha oili, ataombwa risiti za gereji za miaka mitatu, atalipia injini kutoka mfukoni mwake, na atabaki akidhani ni bahati yake mbaya. Mwenye sababu ndiye pekee anayeweza kumwambia kwamba si bahati yake. Ndiyo maana naliita deni. Kuna mtu anahitaji nusu ya habari ili aokoke, na nusu hiyo imelala kwenye kabati la mtu mwingine.

Je, onyo lisilo na uhakika linamfunga aliyeonywa? Taurati ilikwisha kulijibu hilo kwa mfano wa mfugaji. Katika sura ya 21 ya kitabu cha Kutoka, ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe hupigwa mawe na mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alizoea kupiga pembe tangu hapo, na mwenyewe alikwisha kuonywa wala hakumfunga, damu inakuwa juu yake. Kati ya hali ya kwanza na ya pili, ng'ombe ni yule yule; kilichoongezeka ni kwamba watu walikwenda wakamwambia mwenyewe. Sheria haiulizi kama aliliamini onyo hilo. Inauliza kama lilimfikia, na alifanya nini baadaye. Waliomwonya pengine nao walikuwa na chuki zao za mipaka ya shamba, pengine mmoja alitia chumvi, na bado alitakiwa amfunge ng'ombe kwanza, ubishi uje baadaye.

Mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa, aliupeleka mjadala huu ndani ya moyo wa mtu. Katika insha yake kuhusu maadili ya kuamini alibuni mwenye meli anayejiandaa kusafirisha wahamiaji kwa meli kuukuu. Mwenye meli amedokezwa kwamba huenda chombo hakifai tena safari. Anajiliwaza kwamba kimevuka dhoruba nyingi, kwamba Mungu atazilinda familia hizo, kwamba si uungwana kuushuku uaminifu wa walioijenga. Mwishowe anaamini kabisa kwamba meli ni nzima, anawaaga abiria kwa moyo mkunjufu. Meli inazama, naye anachukua fidia ya bima. Clifford anamhukumu kuwa ana hatia ya vifo vile, kwa sababu imani yake hakuichuma kwa uchunguzi, aliipata kwa kuzima shaka. Anaongeza kwamba hata meli ingefika salama, hatia yake isingepungua hata chembe. Hii ndiyo sehemu inayowauma watu wa kampuni. Sheria ya Marekani inampa mtengenezaji siku 5 za kazi kuijulisha NHTSA tangu alipoamua kwamba gari lina kasoro ya usalama. Ona mlango ulioachwa wazi hapo: saa huanza kuhesabu pale kampuni inapoamua, na kamati inayoahirisha kuamua imeishika mishale ya saa kwa mkono wake. Wasimamizi wanaweza kusema baadaye kwamba kampuni ilipaswa kuamua mapema, na katika suala la Theta II ndivyo walivyosema, lakini kati ya hapo na hapo magari yanatembea. Ripoti ya mwanasheria Anton Valukas ya mwaka 2014, kuhusu swichi mbovu za kuwashia magari za General Motors, ilieleza tabia iliyojulikana sana ndani ya kampuni ile: watu mkutanini wanatikisa vichwa kukubali hatua ichukuliwe, kisha wanatoka bila yeyote mwenye nia ya kuichukua. Hakuna aliyesema uongo katika chumba kile. Kwa hukumu ya Clifford, wote walikuwa na meli yao.

Mpaka hapa bado tuko kwa muuzaji. Kuna kisa kingine ambacho Imamu al-Ghazali anakisimulia katika sehemu ya kitabu chake Ihya inayohusu uchumi na biashara, na ndicho kinachobeba uzito wa hoja yangu. Sahaba Wathila bin al-Asqa alikuwa amesimama mahali ambapo mtu alikuwa akiuza ngamia jike kwa dirhamu 300. Biashara ikaisha, mnunuzi akaondoka na mnyama wake. Wathila, ambaye akili yake ilikuwa mbali kidogo, akazinduka akamkimbilia huku akimwita. Akamuuliza: amemnunua kwa ajili ya nyama au kwa ajili ya kupanda? Kwa kupanda, akajibu. Basi akamwambia kwamba ameona tundu kwenye ukwato wa ngamia yule, na kwamba hataweza mwendo wa mfululizo. Mnunuzi akarudi, muuzaji akalazimika kupunguza dirhamu 100, na kwa hasira akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Wathila akajibu kwamba wao walimuahidi Mtume kumtakia mema kila Mwislamu, na kwamba alimsikia akisema si halali mtu kuuza kitu bila kueleza kasoro zake, wala si halali kwa yeyote aijuaye kasoro hiyo kuacha kuieleza.

Kisa hiki kina mambo mawili, na la pili sheria nyingi za leo hazijalifikia. La kwanza ni lile swali la nyama au kupanda. Ukwato wenye tundu si kasoro kwa bucha. Ni kasoro kwa msafiri. Kasoro hupimwa kwa kazi ambayo mnunuzi amekikusudia kitu. Gari la familia linanunuliwa ili libebe watoto kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, likiwa limejaa, mara nyingi usiku, na anayejua kwamba injini yake inaweza kuzima katika mwendo huo hawezi kujificha nyuma ya kauli kwamba redio, viti na kiyoyozi vinafanya kazi vizuri. La pili ni kwamba Wathila hakuwa muuzaji, wala mnunuzi, wala dalali. Hakuwa na hisa. Alikuwa mtu aliyesimama pale, mwenye macho, na hilo lilitosha. Muuzaji alimwona kama mtu aliyejiingiza katika yasiyomhusu, na hapo ndipo alipokosea: ukwato wa ngamia ulikuwa unamhusu kila aliyeuona.

Atokee sasa mtetezi wa kampuni, naye ana hoja nzito. Mhandisi si mpita njia. Amekula mkate wa kampuni kwa robo karne, ametia saini ya kutunza siri, na nyaraka alizozibeba si zake. Siri ya mwajiri nayo ni amana, na dini hiyo hiyo inayosifu ukweli inalaani hiana. Ikiwa kila mfanyakazi atabeba makabrasha kila anaposhuku jambo, hakuna kiwanda kitakachoweza hata kujichunguza, kwa kuwa wahandisi wataogopa kuandika wanachokiona. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Michoro ya injini, bei za wauzaji wa vipuri, mipango ya gari la miaka mitano ijayo, vyote hivyo ni mali ya kampuni, na anayevitoa ni mwizi hata akivaa joho la mwanaharakati. Nakubali pia kwamba mlango wa kwanza wa kubisha ni wa ndani; anayekwenda nje kabla ya kusema ndani amewanyima wenzake nafasi ya kutenda haki. Lakini amana haiwi amana kwa kuwa tu mtu amekukabidhi kitu. Mwizi akikuwekea mbuzi wa jirani, huwi mwaminifu kwa kumrudishia mwizi. Unamrudishia mwenye mbuzi. Habari kwamba injini inaweza kumzimia mama na watoto wake si ya kampuni tangu mwanzo, hata iandikwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni. Ina wenyewe. Kuhusu wahandisi watakaoogopa kuandika, wanaanza kuogopa pale wanapoona maandishi yao yakifungiwa, kwa sababu hapo karatasi huwa ushahidi dhidi ya aliyeiandika na kunyamaza.

Wengine huelekeza kidole kwenye zile dola milioni 24. Sheria iliyopitishwa Marekani Desemba 2015 inaruhusu mtoa taarifa kupewa kati ya asilimia 10 na 30 ya faini iliyokusanywa, na watu huuliza kama ukweli unaolipiwa bado ni ukweli. Kwa mtu wa dini swali si la kupuuzwa, kwa kuwa matendo hupimwa kwa nia. Hata hivyo nia ni hesabu kati ya mtu na Mola wake. Sisi hatuna rejista yake, na haki ya aliyeko ndani ya gari haiwezi kusubiri mpaka moyo wa mtoa habari utakaswe. Kuna jambo lingine ambalo wenye kuuliza hivi hawalitaji: zawadi ilikuja miaka mitano baada ya kufukuzwa. Aliyebeba nyaraka zile mwaka 2016 hakuwa na hakika ya kupata kitu isipokuwa kupoteza kazi, na kazi kweli aliipoteza.

Limebaki pingamizi la zamani kuliko yote: mnunuzi ana macho, na asiye na macho alete fundi. Cicero, katika kitabu chake kuhusu wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, aliwakutanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso, juu ya mtu anayeuza nyumba yenye maradhi, yenye nyoka, yenye mbao zilizooza, na ni yeye tu anayejua. Diogenes anasema hakuna aliyemlazimisha mnunuzi, na kwamba ni kichekesho mtu kunadi nyumba yake kwa kutangaza ubovu wake. Antipater anamwona muuzaji huyo ni mbaya kuliko anayemwacha mtu apotee njia. Cicero anachukua upande wa Antipater, na anaupambanua vizuri: si kila kunyamaza ni kuficha, ila kutaka wanaohusika wasijue kile unachokijua, ili upate faida kwa kutojua kwao. Thomas wa Akwino naye, karne ya 13, alitenganisha kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, na ile iliyojificha inayoweza kuleta hasara au hatari. Hii ya pili muuzaji lazima aiseme. Beringi ya konrodi iko ndani ya bloku, juu ya sampu, na hakuna tochi ya mnunuzi inayofika huko. Kusema mnunuzi angekagua ni kumwambia alifungue gari zima kabla ya kulilipia.

Wapo wanaojikinga kwa maneno: gari linauzwa kama lilivyo, hakuna kurudisha. Kinga hiyo nayo ilikwisha kujaribiwa. Katika Muwatta, kitabu cha Imamu Malik, imo kesi ya sahaba Ibn Umar, aliyemuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutowajibika kwa kasoro. (Kwamba kilichouzwa kilikuwa binadamu kunatukera leo kuliko kasoro yoyote, na ni sawa kutukera, nakitumia kisa kwa kanuni yake tu.) Mnunuzi akashtaki kwamba kulikuwa na ugonjwa ambao hakutajiwa. Khalifa Uthman hakulitupa sharti lile, wala hakulikubali lilivyo. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba wakati wa kuuza hakuujua ugonjwa huo. Ibn Umar alikataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Maana yake ni nyepesi kueleweka hata na asiyesoma sheria: sharti la kama lilivyo linamkinga asiyejua, halimkingi aliyejua.

Haya yote yanatuhusu sisi wa Afrika Mashariki zaidi ya yanavyowahusu Wamarekani, ingawa magari yetu mengi yanatoka Japani wala si Alabama. Mmarekani aliyenunua Sorento mpya anaandikiwa barua nyumbani kampuni ikiita magari. Aliyenunua gari la mkono wa pili lililoshuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam haandikiwi na mtu. Jina lake haliko kwenye daftari la kiwanda. Anaweza kujisaidia kwa kuingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji aone kama gari liliwahi kuitwa, na ningependa kila mnunuzi afanye hivyo kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Lakini gari likishatembea nchini miaka michache, habari yake haiko tena Japani. Iko gereji. Fundi ameshusha sampu akakuta chenga zinazong'aa kwenye oili, amemwambia mwenye gari gharama ya kusaga krankishafti na kuweka beringi mpya, mwenye gari amesema subiri kwanza. Wiki ijayo gari limeoshwa, limetiwa oili nzito inayofunika mlio kwa siku chache, na dalali analinadi kwamba injini yake haijawahi kuguswa. Hilo la mwisho, kwa bahati mbaya, ni kweli kabisa.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 nchini Kenya na Sura ya 214 nchini Tanzania, zote zikiwa na asili katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, zinamdai ubora yule muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Mtu binafsi anayeuza gari lake moja anapita pembeni kwa urahisi, mradi asiseme uongo wa wazi. Fundi aliyeshusha sampu hazimtaji kabisa. Kwa sheria, anaweza kukaa kwenye benchi la gereji akinywa chai huku mnunuzi akihesabu noti mbele yake, na hana kosa. Kwa kipimo cha Wathila ana kosa, na halipungui kwa kuwa hajapata hata senti katika biashara ile. Basi wewe fundi uliyeiona beringi hiyo kwa macho yako, mwambie mnunuzi kabla hela hazijabadilisha mkono, hata asipokuwa mteja wako. Mwenye gari akikukasirikia kwamba umemshushia bei, mwambie bei ilishushwa na beringi.